Bamba la Gari la Mwalimu

Mlio wa gari lile Mkasi aliujua kabla halijakata kona ya kuingia gereji. Lilikuwa gari dogo la rangi ya maziwa, limekaa chini mno, na kwa mwaka mmoja na miezi minane hakuwahi kulitia machoni. Aliweka spana chini, akajifuta mikono kwa kitambaa kilichokuwa kichafu kuliko mikono yenyewe, akasimama. Mchomeleaji wa kibanda cha jirani, mtu asiyepitwa na jambo, alizima mashine yake na kuvua miwani myeusi apate kuona vizuri.

Aliyeshuka alikuwa Mwalimu, mjane wa kaka yake.

Hakutoa salamu. Alifunga mlango wa gari, akauvuta tena kuhakikisha, kisha akasema anatafuta fundi wa kukunja bamba la kukinga injini kwa chini. Aliyasema hayo akitazama matairi yaliyopangwa ukutani, kama mtu aliyeingia duka asilolijua na mwenye duka bado hajatokea. Mkasi akamwambia karibu, shemeji. Mwalimu akamjibu kwamba hapa hakuja kwa shemeji, amekuja kwa fundi.

"Nimepita kwa mafundi watatu," alisema. "Wote wamenielekeza kwako. Ingekuwepo njia nyingine nisingekanyaga hapa."

Na kweli njia nyingine haikuwepo. Jina la Mkasi alipewa kwa sababu alikata bamba la chuma kama fundi cherehani anavyokata kitambaa, kwa jicho tu na bila kurudia. Kwa magari madogo ya aina ile hakukuwa na kinga ya chuma ya kununua dukani. Ilibidi mtu aikate, aikunje na kuitoboa kwa mkono, na aliyeijua kazi hiyo mji mzima alikuwa yeye. Mwalimu naye alikuwa amehamishiwa shule moja ya kule juu, ambako barabara ilichimbwa na wajenzi, ikaachwa na mawe yake. Kwa zaidi ya mwaka gari lilikuwa limelala uani chini ya turubai. Sasa alilihitaji, atake asitake.

Barabara yenyewe ndiyo ileile.

Hakuna aliyehitaji kumkumbusha Mkasi. Kaka yake aliamka asubuhi moja amebanwa na kifua, jasho linamtoka kama amemwagiwa maji. Mwalimu akashika usukani, mama yao akaketi kiti cha nyuma amempakata mwanawe kichwa, wakateremka kuelekea hospitali. Katikati ya mawe gari lilikita chini kwa kishindo. Jiwe lilikuwa limepasua sampu, lile bakuli la chuma linalobeba oili chini ya injini. Oili yote ikamwagika barabarani, na baada ya mwendo mfupi injini ikakaza, ikagoma. Walikaa pale zaidi ya saa nzima wakipungia magari yasiyokuwepo. Lilipotokea lori la mchanga, mama alikuwa ameshamfumba mwanawe macho.

Msibani, watu wamejaa sebuleni, Mwalimu aliuliza swali moja. Chini ya injini ile palikuwa na bamba la kinga, nani alilitoa? Kisha akajijibu mwenyewe, kwa sauti ya darasani inayofika mpaka dawati la mwisho, kwamba alilitoa Mkasi siku ya kubadilisha oili na hakulirudisha. Hakurudia, wala hakuwa na haja ya kurudia. Mama, aliyekuwa akiishi kwa mwanawe mkubwa na akabaki pale pale na mkwewe, alimwita Mkasi kando akamwambia asije nyumbani mpaka atakapoitwa. Hakuitwa. Simu zake zililia mpaka zikachoka.

Naye hakujitetea. Alikuwa na la kusema, lakini la kusema lenyewe lilimhusu marehemu, na marehemu hana mdomo wa kujibu. Basi akalimeza, likakaa kooni kama mfupa.

Sasa alichukua jeki bila neno, akaliinua gari, akaliweka juu ya stendi nne, akaitikisa bodi kwa mikono miwili aone kama imetulia. Mwalimu akauliza stendi hizo zinabeba uzito gani. Akajibiwa. Akauliza bamba litakuwa la unene gani. Mkasi akasema milimita mbili na nusu, chuma, kwa sababu alumini ingekuwa nyepesi lakini kwa mawe yale ingepondeka. Mwalimu akatoa daftari mkobani akaandika. Mchomeleaji alileta kiti, akaambiwa asante, nimesimama vizuri. Akarudi nacho kibandani kwake akakikalia mwenyewe, mahali pa kusikia kila kitu.

Mkasi alijilaza juu ya ubao wenye magurudumu, akajisukuma chini ya gari.

Kule chini kulikuwa na ukweli wake. Injini ilikuwa nyingine ya aina ileile, na sampu ilikuwa mpya, ingali na rangi yake nyeusi isiyo hata mkwaruzo. Lakini kwenye fremu, nyuma kidogo, palikuwa na mchubuko mrefu wa lile jiwe, umeota kutu. Aliupitishia kidole. Kutoka pale aliweza kuona viatu vya Mwalimu tu, vyeusi, vya kufunga kamba, vimesimama sambamba bila kuyumba. Alivitazama akahisi hasira ikimpanda taratibu. Mwaka na miezi minane amebebeshwa mzigo huu, na leo aliyembebesha amekuja kumkagua.

Alipima kwa kadibodi. Akaibandika chini ya injini, akaweka alama mahali pa bolti nne, penye bomba la moshi na penye kizibo cha kumwagia oili. Alipoitoa na kuilaza juu ya bamba la chuma, Mwalimu alisogea, akatoa rula mkobani, akapima nafasi ya kulikwepa bomba la moshi, kisha akapima tena. Akasema upande wa kulia umezidi wa kushoto kwa nusu sentimita. Mkasi akamweleza kwamba bomba lenyewe limepinda, ndiyo maana. Mwalimu akainama, akachungulia chini ya gari kwa muda wake wote autakao, akainuka.

"Endelea," alisema.

Kibandani mchomeleaji alijifanya anatafuta kitu chini ya meza ili acheke.

Mkasi akakata. Grenda ilitoa cheche mpaka mlangoni, na Mwalimu hakurudi nyuma hata hatua. Akalikunja bamba ukingoni kwa nyundo, akiliegemeza kwenye pembe ya chuma, pigo kwa pigo, mbele akalipandisha kidogo kama mdomo wa sepetu ili likikutana na jiwe lipande juu yake badala ya kunasa. Akatoboa matundu ya hewa, na tundu kubwa la kizibo. Kila alipoinua kichwa alikuta macho ya Mwalimu mikononi mwake. Aliwahi kusimamiwa na wateja wakorofi, wengine walevi, mmoja hata alikuja na mbwa. Lakini hakuna aliyemtazama kama huyu, kama mtu anayemngojea mwizi anyooshe mkono.

Alirudi chini na bamba, akaliinua kwa magoti na kifua, akatia bolti ya kwanza. Akatia ya pili. Kila bolti aliivisha raba nene pande zote mbili. Ndipo viatu vilipogeuka.

"Lile pale ni la nani?" aliuliza Mwalimu.

Mkasi akauliza lipi.

"Lililowekwa chini ya pikapu. Linalokinga oili."

Hakuhitaji kutazama. Kwenye sehemu ya pili ya gereji kulikuwa na pikapu iliyovuja, na chini yake, ili sakafu isichafuke, alikuwa ameweka bamba la zamani, jembamba, lenye kona moja iliyokunjika na doa la rangi ya maziwa. Kila siku alilitumia. Ilifika wakati hakuliona tena, kama mtu asivyoliona kovu la mkono wake mwenyewe.

"Ni lenu," alisema.

Mwalimu aliinama kulitazama bamba lile. Alipozungumza, sauti yake ilikuwa chini, na Mkasi aliiogopa hivyo kuliko angepiga kelele. Alisema kumbe lipo. Siku zote hizi lipo, halikupotea wala halikuharibika, limewekwa hapa likusanye uchafu wa magari ya watu. Alisema yeye alidhani lilitupwa, na kwamba kutupwa kungekuwa na heshima zaidi.

Mkasi alikuwa amelala chali, uzito wa bamba uko kifuani, mikono yote miwili imeshikilia. Labda angekuwa amesimama angejizuia. Lakini mfupa uliokuwa kooni ulimtoka wenyewe.

"Mwenyewe aliniambia nilitupe," alisema. "Kaka. Alikuja siku ya oili, akakaa pale kwenye benchi. Bolti mbili zilikuwa zimeliwa na kutu, bamba linagongagonga. Nikamwambia niachie gari siku mbili nikukunjie jingine. Akasema hapana, litoe tu, litupe, limewachosha watu ndani ya gari."

Grenda ya mtu fulani ililia mbali, ikanyamaza.

"Watu hao ni mimi," alisema Mwalimu.

Mkasi alilisukuma bamba juu kwa goti lisimponyoke.

"Nilimwambia sipandi tena gari lake mpaka atoe lile bati. Kichwa kilikuwa kinaniuma kila siku tukifika shuleni. Nilimwambia achague lile bati au anichague mimi. Akacheka, akaja kwako."

Kwa hiyo alijua. Mkasi alilala pale chini akiligeuza neno hilo kichwani, na badala ya kumwonea huruma alihisi damu ikimchemka. Alijua siku ile msibani, watu wamejaa. Alijua wakati mama anamwita kando. Alijua kila mara simu ilipolia mezani na mama akaiacha ilie.

"Ulijua," alisema, "na ukanisema mimi mbele ya mama."

"Ndiyo."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu ulikuwepo. Ilibidi awepo mtu." Alisita kidogo, kisha sauti ikarudi kuwa ya darasani. "Lakini usifurahi mapema. Mimi ninafundisha hesabu, sikuwa najua sampu ni nini. Kaka yako alikuwa anauza vitambaa, naye hakujua. Kati yetu watatu, fundi alikuwa nani?"

Mkasi alipapasa sakafuni akitafuta bolti ya tatu.

"Nimekuuliza."

"Nilikuwa mimi."

"Ulijua barabara tunayopita?"

"Nilijua."

"Ukalitoa."

"Nikalitoa," alisema Mkasi.

Alikuwa na mengi ya kuongeza. Angeweza kusema kwamba kaka yake alikuwa mtu asiyeambilika, kwamba siku ile wateja walikuwa wengi, kwamba alikusudia kumpigia simu wiki ile amkumbushe, na wiki ikapita, na nyingine. Yote yalikuwa kweli. Lakini aliyasikia kichwani yakisemwa kwa sauti yake, yakamchukiza. Alichobaki nacho ni hasira, na hasira ikamwambia afungue zile bolti mbili, alishushe bamba, amwambie mwanamke huyu achukue gari lake aende akatafute fundi wa nne.

Akarudisha spana kwenye bolti. Akaizungusha nusu kuilegeza.

"Mama anapanda gari hili?" aliuliza.

"Kila wiki nitakuwa nampitisha zahanati ya macho nikiteremka. Haoni vizuri tena."

Hilo hakuna aliyemwambia. Mama yake mzazi anapoteza macho, na yeye anaipata habari akiwa chini ya gari, kutoka kwa viatu. Alibaki ameishika spana. Kisha akaikaza bolti ile tena, akaikaza na ya pili, akatia ya tatu na ya nne. Akajisukuma nje, akapita mbele ya Mwalimu bila kumtazama, akachukua drili, akarudi chini akatoboa fremu mahali pawili zaidi na kutia bolti mbili ambazo kazi haikuzidai. Jasho na vumbi la chuma vilimwingia machoni. Haikuwa kwa ajili ya Mwalimu, na alitaka Mwalimu alijue hilo, lakini hakupata namna ya kulisema, akaendelea kukaza.

Alipomaliza alilishusha gari. Mwalimu alichuchumaa, akaingiza mkono chini ya bampa, akaligonga bamba kwa kiganja. Halikulia. Akaligonga kwa nguvu zaidi. Mkasi akamweleza, kwa maneno machache kadiri alivyoweza, kwamba raba ndizo zinazoondoa kelele, kwamba oili itabadilishwa bila kulifungua, na kwamba baada ya wiki mbili za mawe bolti zote sita zirudiwe kukazwa.

Mwalimu aliandika yote. Alipofika kwenye wiki mbili akasema atampelekea fundi mwingine.

"Mpelekee," alisema Mkasi. "Mwambie spana namba kumi na tatu. Asizikaze mpaka raba zitoke nje."

Akaliandika na hilo. Kisha akafunga daftari na kusema analitaka bamba lake la zamani.

Mkasi alimtazama usoni kwa mara ya kwanza siku ile. Alikuwa amekonda. Macho yalikuwa makavu na makali vilevile, lakini chini yake palikuwa na weusi wa mtu asiyelala. Hakumuuliza analitakia nini. Alilivuta kutoka chini ya pikapu, akaimwaga oili kwenye debe, akalipangusa kwa vumbi la mbao na kitambaa, akalifunga kwa magazeti. Mwalimu hakusubiri apakiziwe. Alilipokea mwenyewe, likamchafua mkono wa blauzi, akaliweka kwenye buti, akaondoka. Kwenye tuta la kutokea barabara kuu alipita polepole, na Mkasi alijikuta ametega sikio. Hakikusikika kitu.

Mchomeleaji akaja taratibu na kiti chake, akauliza kama yule mama ni ndugu. Mkasi akamwambia arudi akachomelee.

Siku nne baadaye, saa za mchana, simu ilimkuta ameshika nyundo. Aliposoma jina la anayepiga, aliiangusha nyundo mguuni pake mwenyewe na hata hakusikia maumivu mpaka jioni.

Mama hakuuliza hali. Alisema kwamba mkwewe alirudi nyumbani siku ile na bati chafu lililofungwa kwenye magazeti, akaliweka juu ya meza ya sebuleni, juu ya kitambaa cheupe, na kitambaa hakifai tena hata kwa kudekia. Akamshika mkono, akamwambia mama papasa, uone hii kona. Halafu akamweleza habari yake yote, tangu maumivu ya kichwa mpaka alichokisema msibani. Aliongea akiwa amesimama, mama alisema, hakukaa wala hakulia.

"Nikamuuliza kwa nini ananiambia sasa," alisema mama. "Akasema kwa sababu hakukuwa na njia nyingine ya kulala."

Mkasi aliketi juu ya tairi.

"Na wewe usidhani nimekusafisha," mama aliendelea. "Wewe ni fundi. Yeye ni mke wa mtu aliyechoka na kelele. Nina watoto wajinga wawili, mmoja wa kuzaa na mmoja wa kuolewa, na mwenye akili ndiye niliyemzika. Njoo Jumapili."

Jumapili alikwenda. Alivaa shati safi, akasugua kucha kwa brashi mpaka vidole vikamuuma, akapanda ile barabara ya mawe kwa miguu kutoka kituo cha mwisho. Aliona mawe yenyewe, makubwa, mengine yamechongoka. Gari dogo lilikuwa uani, limegeuzwa kutazama lango. Hakuinama kulichungulia, ingawa mwili mzima ulimtaka ainame.

Mwalimu ndiye aliyefungua. Alisema karibu, basi, akampa kisogo kabla hajaitika.

Mama alikuwa kwenye kiti chake karibu na dirisha. Alinyoosha mikono hewani, kidogo pembeni ya mahali Mkasi aliposimama, naye akasogea ili mikono impate. Alimpapasa uso wote, paji, masikio, kidevu, akasema umekonda, mnanikondea wote kama mmeambizana. Wakakaa. Walizungumza habari za macho, za daktari anayesema kwa haraka, za paa linalovuja upande wa jikoni.

Chakula kiliwekwa mezani. Mwalimu alipakua sahani tatu kwa haki, sawasawa, akamwekea Mkasi yake bila kuigongesha na bila kumtazama. Kisha akachukua sahani ya kwake na rundo la madaftari ya wanafunzi, akaingia chumba cha pili. Mlango haukubamizwa. Ulifungwa polepole, mpaka kitasa kikaingia.

Mkasi alibaki anautazama. Alikuwa amejiandaa kwa ugomvi, na njiani alikuwa amejiandaa hata kuomba radhi, ametunga maneno mawili matatu. Sasa hakuwa na wa kumpa.

"Mwache," alisema mama, akiitafuta sahani yake kwa vidole. "Leo amekupakulia. Mwezi uliopita jina lako lilikuwa halitajwi humu. Kula, kinapoa."

Akala. Ukutani, upande wa pili, alisikia kalamu ikisahihisha, ikivuta mistari mifupi mikali, daftari baada ya daftari.